Vumbi, masizi na erosoli: neno lipi kwa chembe za hewani?

Vumbi (ngeli ya LI-/YA-) ni udongo mkavu uliosagika hadi ukaweza kupeperuka. Mfasiri akutanapo na matini ya kitaalamu kuhusu chembe zinazoelea hewani, hili ndilo neno linalomjia kwanza, nalo aghalabu humponza. Lori likipita kiangazi katika barabara ya udongo ya Kisarawe, linatimua vumbi. Hapo hakuna ubishi. (Ligi za mpira nazo hutimua vumbi, lakini magazetini tu.) Moshi wa tanuri la mkaa, unaofuka siku kadhaa chini ya majani na udongo, si vumbi, hata kama mtafiti ataunasa kwa kichujio kilekile na kuupima kwa mizani ileile.

Istilahi inayojumuisha yote mawili ni erosoli (I-/ZI-): chembe yabisi au matone madogo mno yaliyotawanyika hewani. Kwa maana hiyo ukungu ni erosoli, na chumvi ya povu la bahari inayoletwa bara na upepo ni erosoli pia.

Vifupisho PM10 na PM2.5 hutaja chembe zenye kipenyo kisichozidi mikromita 10 na mikromita 2.5. PM2.5 imo ndani ya PM10. Tafsiri inayozijumlisha imekosea. Tofauti hii ya ukubwa kwa kiasi kikubwa ni tofauti ya chanzo. Udongo hutoa zaidi chembe nene, zenye silikoni, aluminiamu na chuma, na nyingi hunaswa puani na kooni. Kuni, mkaa na dizeli vikiungua hutoa chembe laini zenye kaboni nyingi, ambazo hufika ndani kabisa ya mapafu. Masizi (YA-) ni kaboni nyeusi ya moshi huo, ile inayoganda kwenye sufuria na dari. Yasichanganywe na majivu.

Watafiti wenyewe hawaridhiki na neno moja. Tasnifu ya Stelyus Mkoma, Chuo Kikuu cha Ghent, 2008, ilichunguza erosoli za Tanzania, zikiwemo za Dar es Salaam na Morogoro, miji inayounganishwa na barabara ipitayo Kibaha, na ilitilia mkazo sehemu yenye kaboni. Baadaye yeye na Kimitaka Kawamura walichunguza Morogoro viashiria vya moshi wa mimea, kikiwemo levoglukosani, sukari inayotokea selulosi inapoungua. Kusaga udongo hakuizalishi.

Sasa chukua tangazo la afya lililobandikwa Kibaha: “Jikingeni na vumbi.” Mama atanyunyizia uwanja maji, kisha atarudi jikoni kupuliza kuni. Ametii neno alilopewa. Kwa umma andika “moshi na vumbi”, moshi ukitangulia, katika ripoti andika “chembe laini za hewani (PM2.5)”. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza wastani wa PM2.5 kwa mwaka usizidi mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo. Kuiandika “mikrogramu 5 za vumbi” ni kubadili kinachopimwa.

Kopo la dawa ya mbu lisiitwe erosoli. Ni dawa ya kupulizia. Erosoli ni kile kinachobaki kikielea chumbani baada ya kupuliza.