Ukiacha Kiwanda, Usiache Daftari



Mtu akiwa kazini kiwandani au shambani, kodi yake hukatwa na karani wa mishahara kabla hajashika pesa mkononi. Wengi wetu hatuifikirii, ila siku ya mshahara tunapolalamikia makato. Lakini wako wenzetu waliomaliza mikataba, au waliopokonywa nafasi na mashine, nao sasa wamejiajiri. Hao ndio makarani wa mishahara yao wenyewe.

Hivi karibuni alifika ofisini kwetu dada mmoja aliyefunga majani ya chai kwa miaka mingi. Alipoacha kazi alifungua duka dogo karibu na kambi. Anauza unga, chumvi, sabuni na mafuta ya taa, na kwa siku huuza kama shilingi 40,000. Alikuja na hasira, kwa sababu alitozwa kodi ya shilingi 80,000 na aliona ameonewa. Tulipomwuliza daftari lake la mauzo, alijibu, "Hesabu zote ziko kichwani."

Hapo ndipo penye kosa. Kwa viwango vilivyowekwa Uganda mwaka 2020, mwenye biashara ndogo ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi shilingi milioni 10 halipi kodi hii. Mauzo yakiwa kati ya milioni 10 na milioni 30, kuna njia mbili. Asiye na kumbukumbu hulipa shilingi 80,000. Mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 0.4 tu ya kiasi kilichozidi milioni 10.

Tufanye hesabu ya dada yetu. Shilingi 40,000 kwa siku 350 ni milioni 14. Zilizozidi ni milioni 4, na kodi yake ni shilingi 16,000. Kwa hiyo kukosa daftari kumemgharimu shilingi 64,000. Faida yake kwa siku ni kama shilingi 4,000. Basi amefanya kazi siku 16 bure.

Tena kuna jambo wengi hawalijui. Kodi hii hupigwa juu ya mauzo, si faida. Kodi ya pango, nauli na mshahara wa msaidizi havipunguzwi. Lakini sheria inamruhusu mtu kumwandikia Kamishna wa Mamlaka ya Mapato, URA, kabla ya siku ya mwisho ya kupeleka hesabu za mwaka, aombe kutozwa kwa faida. Huko gharama za biashara hutolewa kwanza, na mapato ya mwaka yasiyozidi shilingi 2,820,000 hayatozwi. Faida ya dada yetu ni kama shilingi 1,400,000. Kama hana mapato mengine, asingelipa kitu. Lakini njia hiyo hudai risiti za manunuzi na hesabu kamili. Asiye na daftari haingii.

Ndugu, fanyeni hivi. Andikeni mauzo kila jioni kabla ya kulala, hata yakiwa kidogo. Risiti zote ziwekwe katika mkebe mmoja. Pesa za duka zisichanganywe na za nyumbani. Kila Jumamosi tengeni kidogo kwa ajili ya kodi. Leseni ya biashara si kodi ya mapato; risiti ya moja haifuti nyingine. Mafundi wanaochukua kazi za ujenzi wajue kwamba utaratibu wa mauzo hauwahusu. Na raia aliyeanzisha biashara mpya baada ya 1 Julai 2025 aulize ofisi ya URA juu ya msamaha wa miaka 3 na masharti yake.

Tusisahau uzee. Kazini, mfanyakazi hutoa asilimia 5 katika mfuko wa NSSF na mwajiri huongeza 10. Aliyejiajiri hana wa kumwongezea, lakini tangu sheria ya mwaka 2022 anaweza kuweka akiba yake humo kwa hiari.

Tunawaomba makatibu wa matawi wawafundishe wanachama mambo haya kabla ya siku yao ya mwisho kazini, si baada ya kutozwa. Dada yetu hakurudishiwa pesa zake. Ila alipotoka alipitia dukani kwa mwenzake akanunua daftari, na jioni ile ile akaandika ukurasa wa kwanza.