Kumbukumbu za Miradi Kwenye "Wingu": Ufunguo Anao Nani?



Tunapotembelea sharika kwa ajili ya ufuatiliaji wa miradi, siku hizi tunapata jibu moja mara kwa mara. Tukiuliza, "Orodha ya watoto wanaolipiwa ada iko wapi?" tunajibiwa, "Iko kwenye wingu, haiwezi kupotea." Zamani tulikuwa tunaambiwa, "Iko kabatini, ufunguo anao mhasibu." Katika makala hii tunapenda kueleza hilo wingu ni kitu gani, ni mambo gani yametokea miaka ya karibuni, na kwa nini suala la ufunguo bado liko pale pale.

Kisa kilichotupata

Mradi wetu mmoja wa vikundi vya kuweka na kukopa ulitunza kumbukumbu zake zote katika akaunti moja ya mtandaoni: majina ya wanachama, hisa, mikopo na marejesho. Akaunti hiyo ilifunguliwa na afisa wa mradi kwa jina lake na kwa namba yake ya simu. Mkataba wake ulipokwisha aliondoka vizuri. Alikabidhi pikipiki, kompyuta na mihuri, na neno la siri akaliandika katika karatasi ya makabidhiano.

Miezi kadhaa baadaye tulijaribu kuingia kwa kutumia kompyuta nyingine. Neno la siri lilikubali, lakini mfumo ukadai namba ya uthibitisho iliyotumwa kwenye simu. Laini ile afisa alikwisha kuiacha, na sasa ilikuwa ya mtu mwingine. Tuliandika barua pepe kwa watoa huduma bila mafanikio. Wakati huo vikundi vilikuwa vinakaribia mwisho wa mzunguko, na akina mama walikuwa wanasubiri mgao wao.

Tuliokolewa na madaftari ya makatibu wa vikundi. Kwa wiki nzima tulikaa nao tukiandika upya hesabu za kila mwanachama. Katika kikundi kimoja daftari lilikuwa limenyeshewa na kurasa zimegandamana, hivyo wanachama walilazimika kukubaliana kwa kumbukumbu za kichwani. Mama mmoja, mjane, alikubali kiasi kidogo kuliko alichoamini kuwa ameweka, ili amani iwepo. Kosa halikuwa lake wala la afisa aliyeondoka. Lilikuwa letu sisi wa ofisi, kwa kuwa hatukujiuliza mapema ufunguo uko mikononi mwa nani.

Wingu ni nini?

Wingu halipo angani. Ni kompyuta kubwa za watu wengine, zilizopangwa kwa maelfu katika majengo yenye umeme wa uhakika, mitambo ya kupoza na ulinzi. Majengo hayo huitwa vituo vya data. Unapohifadhi waraka kwenye wingu, waraka wako husafiri kwa njia ya mtandao na kuandikwa katika kompyuta hizo. Badala ya kununua mashine, wewe unakodi nafasi ndani ya mashine ya mwingine.

Biashara hii ilipata sura yake ya sasa mwaka 2006, kampuni ya Amazon ya Marekani ilipoanza kuwakodisha watu wengine nafasi ya kuhifadhia na nguvu ya kompyuta zake. Microsoft na Google zilifuata. Kwa upande wetu wa Afrika, Microsoft ilifungua vituo vya Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon ikafungua Cape Town mwaka 2020, na Google ikafungua Johannesburg mwaka 2024. Hata hivyo, akaunti ya kawaida ya bure haikuahidi kuweka waraka wako karibu nawe. Unaweza kuwa Ulaya, Asia au Marekani.

Faida zake ni za kweli. Kompyuta ya ofisi ikiibiwa au ikipigwa na radi, kazi haipotei. Mratibu aliyeko kijijini anaweza kusoma kwa simu taarifa iliyoandikwa mjini. Kwa hiyo hatuwashauri kuliacha wingu. Tunawashauri kulijua.

Mambo yaliyotokea

Matukio ya miaka ya karibuni yametufundisha kwamba hata wakubwa hupatwa na mikosi.

Usiku wa tarehe 10 Machi 2021, moto ulizuka katika kituo cha data cha kampuni ya OVHcloud huko Strasbourg, Ufaransa. Jengo moja liliteketea na lingine likaungua sehemu. Baadhi ya wateja walipoteza kumbukumbu zao moja kwa moja, kwa sababu hawakuwa na nakala mahali pengine.

Mwezi Mei 2024, mfuko wa pensheni wa UniSuper nchini Australia, wenye wanachama zaidi ya 600,000, ulikuta huduma zake zilizokuwa Google Cloud zimefutwa. Wakati wa kuandaa huduma hiyo, sehemu moja ya maelekezo ilikuwa imeachwa wazi. Mfumo ukajipangia muda wa mwaka mmoja, na mwaka ulipokwisha ukaifuta huduma hiyo wenyewe. Wanachama walikaa takriban wiki moja bila kuweza kuona akaunti zao. Mfuko ulinusurika kwa sababu ulikuwa na nakala nyingine pembeni, ikiwemo iliyokuwa kwa mtoa huduma mwingine.

Mwezi huo huo, Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, hitilafu ilizipata nyaya za baharini za EASSy na Seacom, na mtandao ukayumba sana Tanzania na nchi jirani. Nyaraka zilizokuwa kwenye wingu zilikuwa salama kabisa, ila njia ya kuzifikia ndiyo iliyokatika.

Tarehe 20 Oktoba 2025, huduma nyingi duniani zilisimama kwa saa kadhaa baada ya hitilafu katika vituo vya Amazon vya kaskazini mwa Virginia, Marekani. Hitilafu ilianzia kwenye mfumo unaotafsiri majina ya mtandaoni kuwa anwani za kompyuta. Ni kama duka liko wazi na bidhaa zipo, lakini kibao cha kuonyesha njia kimeng'olewa. Tarehe 29 Oktoba 2025 ikawa zamu ya Microsoft, safari hii kwa sababu ya badiliko la mipangilio lililokosewa.

Masharti nayo hubadilika. Tangu Desemba 2023, Google ilianza kufuta akaunti binafsi ambazo hazijatumika kwa miaka miwili. Kuanzia Julai 2025, Microsoft iliacha kutoa bure baadhi ya leseni ilizokuwa inawapa mashirika yasiyo ya kiserikali. Kitu cha bure ni hisani ya mwenye nacho, na mwenye nacho anaweza kubadili nia.

Tofauti ambayo wengi hatuijui

Watu wengi hudhani kwamba faili likionekana kwenye kompyuta, kwenye simu na kwenye wingu, basi kuna nakala tatu. Sivyo. Hilo ni faili moja linaloonekana kupitia madirisha matatu. Karani akilifuta kwa bahati mbaya kwenye kompyuta, hufutika na kwingine. Katika Google Drive, kilichotupwa hukaa kwenye pipa la taka kwa siku 30, kisha huondolewa. Nakala ya kweli ni ile inayobaki salama hata ile ya kwanza ikifutwa, ikiungua au ikifungiwa.

Wataalamu wana kanuni rahisi: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja iwe nje ya ofisi. Kwa usharika, hii inaweza kuwa faili kwenye kompyuta, nakala kwenye wingu, na nakala kwenye diski inayotunzwa katika sanduku la fedha la jimbo.

Wajibu wetu kwa walengwa

Tunapoandika kwamba mtoto fulani ni yatima, au mama fulani anatumia dawa, tunashika siri ya mtu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria hiyo inaziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti, na ina masharti kuhusu kusafirisha taarifa nje ya nchi. Kutuma orodha ya watoto kwa kiungo ambacho yeyote anaweza kukifungua ni sawa na kuibandika kwenye ubao wa matangazo.

Hatua za kuchukua

Baada ya kisa chetu, tumekubaliana katika idara yetu kufanya yafuatayo, na tunawaomba nanyi myafanye:

1. Akaunti iwe ya ofisi, si ya mtu. Ifunguliwe kwa barua pepe ya ofisi na kwa laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la taasisi. Laini hiyo iongezwe salio ili isifungwe.

2. Wasimamizi wawe wawili au zaidi. Akisafiri mmoja, au akifariki, kazi iendelee.

3. Makabidhiano yafanyike kwa vitendo. Anayepokea aingie kwenye akaunti mbele ya anayeondoka, kwa kompyuta nyingine, na namba za uthibitisho zibadilishwe siku hiyo hiyo. Karatasi peke yake haitoshi.

4. Kila mwisho wa mwezi nakili mafaili yote kwenye diski, na diski isikae chumba kimoja na kompyuta.

5. Kila robo mwaka jaribuni kuirudisha nakala. Chagueni faili moja kutoka kwenye diski, mlifungue na kulisoma. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa si ya kutegemea.

6. Taarifa inayotakiwa na mfadhili wiki hii iwepo pia kwenye kompyuta, ili mtandao ukikatika kazi isisimame.

7. Pitieni orodha ya watu wenye ruhusa ya kuona mafaili. Waliomaliza mikataba waondolewe.

8. Msitupe madaftari. Vikundi viendelee kuandika kwa mkono, na kila mwanachama awe na kitabu chake chenye sahihi. Madaftari yahifadhiwe pakavu.

Wasomaji wapendwa, hatua hizi hazihitaji mtaalamu kutoka mjini wala bajeti kubwa. Zinahitaji diski moja, laini moja ya simu, na kikao cha nusu siku. Katika ziara zetu za robo mwaka ijayo hatutauliza tena kama kumbukumbu zipo. Tutamwomba mhasibu na mtu mwingine mmoja, kila mmoja kwa wakati wake, atufungulie orodha ya walengwa mbele yetu. Kisha tutaomba kuiona nakala ya pili.

Mama yule alitusamehe, na bado ni mwanachama wa kikundi chake. Safari hii hisa zake zimeandikwa mahali patatu, na kimojawapo ni kitabu anachokaa nacho mwenyewe nyumbani.