Mshauri wa Masomo Apande Cheo Bila Kuwaacha Wanafunzi

Mwanafunzi wa udaktari au uuguzi anapoanza kulegalega, mara nyingi mshauri wake wa masomo ndiye anayetambua mapema. Amemfuatilia muhula hadi muhula. Anajua ni somo lipi alilirudia, na ni dhiki gani ya nyumbani inayomnyima utulivu. Maarifa hayo hayamo yote katika jalada. Mshauri akihama, huhama nayo, kama vile muuguzi wa siku nyingi anavyoondoka kliniki na mengi ambayo kadi za wagonjwa hazikuyabeba.

Thamani ya kazi hii imewahi kupimwa. Mwaka 2007, City University of New York nchini Marekani ilianzisha katika vyuo vyake vya miaka miwili mpango uitwao ASAP. Wanafunzi walisaidiwa ada, nauli na vitabu, na kila mmoja akapewa mshauri wa kukutana naye mara kwa mara. Mshauri huyo alihudumia wanafunzi 60 hadi 80, ilhali nje ya mpango mshauri mmoja alikabili 600 au zaidi. Taasisi ya utafiti ya MDRC iliwagawa wanafunzi kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Baada ya miaka mitatu, asilimia 40 ya waliopewa nafasi katika mpango walikuwa wamehitimu, dhidi ya asilimia 22 ya wenzao. Ushauri pekee haukuleta tofauti hiyo, lakini ulikuwa miongoni mwa nguzo zake.

Hata hivyo, mshauri aliyekwisha kukomaa kazini hukuta ngazi imekatika. Akitaka cheo na mshahara bora, ama aingie katika utawala, ama aache kazi. Naye mhadhiri anayeshauri wanafunzi huona machapisho yakihesabiwa zaidi kuliko saa alizokaa nao.

Wauguzi waliwahi kukutana na kikwazo hichohicho. Mwaka 1984, Patricia Benner alieleza katika kitabu chake hatua tano za kukua kwa muuguzi, kutoka uanagenzi hadi ubingwa. Hospitali kadhaa zilitumia mawazo hayo kuunda madaraja yanayomwezesha muuguzi kupanda huku akiendelea kuhudumia wagonjwa.

Vyuo vya afya navyo vyaweza kuiga njia hiyo. Muundo wa utumishi uwe na daraja la mshauri mwandamizi: apewe wanafunzi wachache wenye matatizo mazito, awalee washauri wachanga, apate muda wa kujiendeleza, na kazi hiyo ihesabiwe anapopandishwa cheo.

Mgonjwa huenda asimjue kamwe mshauri huyo. Atakutana na daktari au muuguzi aliyekaribia kuacha masomo, akashikwa mkono kwa wakati na mtu aliyekuwa bado yupo kazini.