Sanduku la Baridi la Vyombo vya Kioo

Waungwana wasomaji, nyote mnajua jinsi maji yanavyotukatikia hapa Johannesburg. Kwa mpishi ni udhia. Kwa anayefundisha wajukuu na watoto wa majirani kukeneka, yaani kuchemsha kitu na kuupoza mvuke wake urudi kuwa majimaji, ndiyo mwisho wa somo. Kondensa ya kioo, ile iliyopewa jina la Mjerumani Liebig, hutaka maji baridi yapite mfululizo, na maji hayo safi huishia mtaroni. Hiyo ni israfu, nasi tulifundishwa chuoni kwamba israfu haifai hata kwa aliye ukingoni mwa mto.

Basi mwaka 2023 nalitwaa sanduku la plastiki la kuwekea vinywaji, nikalijaza barafu. Ndani nikazamisha mrija wa kioo uliojizonga kama nyoka, zawadi ya wanafunzi wangu wa mwisho, niliotoka nao Unguja umefungwa katika kanga mbili. Pampu ndogo ya tangi la samaki iliyavuta maji ndooni, yakapita mrijani, yakaingia kondensa kwa tundu la chini, yakatokea juu na kurudi ndooni. Maji yale yale, asubuhi nzima.

Kwa mafuta ya vikonyo vya karafuu, kama wayakenekavyo Pemba, barafu tupu yatosha kabisa. Lakini mwalimu hastaafu tamaa ya kuonyesha. Nikaongeza chumvi ya jikoni, sehemu moja kwa tatu za barafu. Chumvi huifanya barafu iyeyuke hata chini ya sifuri, nayo ikiyeyuka hunyang'anya joto la vilivyo karibu. Mchanganyiko huo waweza kufika kama digrii 21 chini ya sifuri. Kipimajoto changu kilisoma 14. Watoto wakapiga makofi.

Mara umeme ukakatwa. Tukaenda kusali adhuhuri, na kurudi tukaukuta mrija umepasuka. Pampu iliposimama, maji yalitulia mrijani yakaganda, na maji yakiganda hutanuka kama sehemu 9 kwa mia. Siku ile sikufundisha tena.

Sanduku la sasa lina mrija wa shaba. Ndani yake hupita maji nusu na kulanti ya gari nusu, ile ya kuzuia kuganda, ambayo hustahimili zaidi ya digrii 30 chini ya sifuri. Kulanti hiyo ni sumu, na ubaya wake ina utamu. Ndoo yake ina kifuniko, imeandikwa kwa rangi nyekundu, wala haiingii jikoni. Tena pampu huwashwa kabla ya moto, maana kondensa iliyokwisha pata joto ikipelekewa baridi kali ghafla, nayo itapasuka.

Vipande vya mrija ningali navyo, ndani ya kanga zile zile. Mwenye pampu ya samaki iliyolala nyumbani na aniletee, kwani ya akiba sina.