Mamlaka Bila Fedha: Mahakama za Makabila Nchini Marekani na Makosa ya Kupiga Wanawake

Ikitajwa mahakama ya kabila, kada wa hapa kwetu hukumbuka mabaraza ya machifu, chombo cha utawala wa kikoloni kilichofutwa Tanganyika baada ya Uhuru. Hapana budi tuondoe kwanza mkanganyiko huo. Kabila la Wenyeji wa Asili wa Marekani, wale ambao vitabu vya zamani viliwaita Wahindi Wekundu, ni serikali kisheria. Yako zaidi ya 570 yanayotambuliwa na serikali ya shirikisho, na mengi yana sheria zake, polisi wake na mahakama yake.

Lakini ni serikali iliyokatwa mikono. Mwaka 1978, katika kesi ya Oliphant dhidi ya kabila la Suquamish, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba makabila hayana uwezo wa kumshtaki kwa jinai mtu asiye Mwenyeji. Maana yake ni nini? Mwanamume mgeni aliyeoa na kuishi katika ardhi ya kabila akimvunja mkewe mkono, polisi wa kabila hawakuweza kumpeleka mbele ya hakimu wao. Ilibidi angojewe mwendesha mashtaka wa shirikisho, aliye mbali na mwenye kesi anazoziona kubwa zaidi. Wapigaji walilijua pengo hilo. Utafiti wa Taasisi ya Taifa ya Haki ya nchi hiyo, uliotolewa mwaka 2016, ulionyesha kwamba zaidi ya wanawake wanne katika kila watano wa jamii hizo wamepata kutendewa ukatili maishani mwao.

Mwaka 2013 Kongresi ilirudisha sehemu ndogo ya mamlaka hayo. Kabila liliruhusiwa kumshtaki asiye Mwenyeji kwa kumpiga mke au mchumba, au kwa kuvunja amri ya mahakama ya kumlinda mwanamke. Kabila la Pascua Yaqui la Arizona, Tulalip la Washington na Umatilla la Oregon yalianza kwa majaribio Februari 2014. Ajabu ya sheria ile ni kwamba mshtakiwa aliweza kuhukumiwa kwa kumpiga mke, lakini si kwa kumpiga mtoto aliyekuwa pale pale, wala askari aliyekuja kumkamata. Kasoro hiyo ilisahihishwa mwaka 2022.

Sasa tufike kwenye kiini. Mamlaka hayo yalikuja na masharti: hakimu aliyesomea sheria, wakili wa kumtetea mshtakiwa maskini kwa gharama ya kabila, baraza la wazee wa mahakama lisilowabagua wasio Wenyeji, kumbukumbu za kesi zilizorekodiwa. Masharti hayo ni ya haki, nasi hatuyapingi. Mshtakiwa yeyote anastahili utetezi. Ila kila moja lina bei, na gerezani mfungwa anahitaji chakula na daktari. Ndiyo maana hadi Machi 2018 ni makabila 18 tu yaliyokuwa yakiyatumia mamlaka hayo.

Wanafunzi wetu huuliza: kwa nini wasijitegemee? Swali zuri. Sehemu kubwa ya ardhi yao iko chini ya udhamini wa serikali ya shirikisho. Haizai ile kodi ya ardhi ambayo miji jirani huitumia kulipia polisi na shule. Yapo makabila yenye mapato makubwa ya kumbi za kamari, lakini hayo siyo kipimo cha wote. Aliyechukua ardhi ndiye anayeombwa ruzuku.

Na ruzuku yenyewe? Sheria ya 2013 iliidhinisha dola milioni 5 kwa mwaka kwa makabila yote. Ile ya 2022 ikapandisha hadi milioni 25, na kuweka utaratibu wa kuyarudishia makabila gharama yaliyokwisha kulipa. Msomaji atofautishe kuidhinisha na kutoa: fedha hutoka pale tu Kongresi inapozipitisha katika bajeti ya mwaka, na ruzuku huombwa kwa maandishi, kwa muda maalumu. Kabila dogo lisilo na karani wa kuandika maombi hubaki nyuma. Idhini ya sasa inaishia mwaka wa fedha 2027, ilhali hakimu na wakili wanadai mshahara kila mwezi.