Kuzuia magari pekee hakufufui katikati ya mji

LAMI ya zaidi ya kilomita 60 kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, mwambao wa Ziwa Nyasa, imerahisisha safari iliyokuwa ya vumbi na matope. Pamoja na faida hiyo limekuja suala ambalo miji mingi huchelewa kulijadili: mtembea kwa miguu na mwendesha baiskeli wapite wapi pale magari yanapoongeza mwendo kati ya maduka na soko? Mteja anayeogopa kuvuka barabara hununua upande aliopo, au harudi tena.

Jibu jepesi ni kuyazuia magari. Kigali ilifanya hivyo Agosti 2015, ilipofunga kipande cha barabara ya KN 4 katikati ya jiji. Wafanyabiashara walilalamika kupoteza wateja, na kwa miaka kadhaa eneo hilo likabaki lami tupu juani. Lilichangamka baada ya kuwekewa viti, bustani na vibanda, likafunguliwa upya mwaka 2022 kwa jina la Imbuga City Walk.

Nairobi, mwaka 2019, haikuyafukuza magari yote katika Luthuli Avenue, mtaa maarufu kwa maduka ya vifaa vya elektroniki. Yaliachiwa kupita upande mmoja tu, matatu zikaondolewa, na njia za waenda kwa miguu zikapanuliwa.

Kwa Mbinga, mfano huu wa pili unaelekea kufaa zaidi. Mji unaotegemea kahawa ya milimani na samaki wa ziwani hauwezi kulifukuza lori; unaweza kulipangia saa na mahali pa kushusha mizigo, na bodaboda zikapewa kituo chao.