Usinunue vipuri vya kompyuta kimoja kimoja

Ikiwa nyumbani kwako kuna kijana anayekusumbua umnunulie kompyuta ya kuchezea gemu, soma makala haya kabla hujatoa hata shilingi moja. Nayaandika kwa uchungu, maana somo lenyewe nililipata kwa pesa za mtamba wa baba.

Mnamo 2023 mdogo wangu, aliyekuwa amemaliza Kidato cha Nne na kurejea nyumbani Subukia, alikuja na wazo. Angekodi kibanda pale sokoni, aunde kompyuta yenye nguvu, na vijana wenzake wamlipe ili wacheze kandanda kwenye skrini. Baba, ambaye hajawahi kugusa kompyuta, aliuza mtamba na kunikabidhi pesa kwa kuwa nilikuwa naishi Nairobi. "Wewe ndiwe unayejua mambo ya huko," aliniambia. Kumbe sikujua.

Nilifanya jinsi wengi wetu tunavyojenga nyumba: leo mabati, mwisho wa mwezi saruji. Nilianza na prosesa, Intel Core i5-12400F, kwa sababu bei yake ilikuwa imepunguzwa. Wiki kadhaa baadaye nikapata madabodi ya mtumba, nikaifunga vizuri na kuituma kwa matatu hadi Nakuru, ikapakiwa tena katika gari la Nyahururu linalopitia Subukia. Jioni simu ikalia.

"Dada, haiingii."

Alikuwa amesema kweli. Prosesa hiyo hukaa katika soketi iitwayo LGA1700, nayo ina umbo la mstatili. Bodi niliyotuma ilikuwa ya LGA1200, ambayo ni mraba. Tarakimu hizo ni idadi ya pini, na hakuna fundi awezaye kuzibembeleza. Baba alichukua simu akaniambia, "Hata fundi wa viatu hupima mguu kwanza, binti yangu." Muuzaji naye alikataa katakata kuirudisha. Mtumba haurudishwi.

Basi, msomaji, prosesa na madabodi vinunuliwe kama mume na mke. Prosesa za Intel za kizazi cha 10 na 11 hutumia LGA1200; za 12, 13 na 14 hutumia LGA1700. Kwa upande wa AMD, Ryzen nyingi za mfululizo wa 5000 hukaa katika soketi ya AM4, na za 7000 katika AM5. (Majina haya yanafanana na nambari za magari, najua. Yaandike kwenye karatasi tu.)

Na hata soketi zikilingana, usipige vigelegele bado. Intel ilipotoa prosesa za kizazi cha 8 mwaka 2017, zilikuwa za LGA1151 kama za kizazi cha 6 na 7, lakini bodi za awali hazikuzikubali. Bodi nyingi za zamani za AM4 nazo zitaipokea Ryzen ya 5000 baada tu ya programu yao ya kuwashia, yaani BIOS, kusasishwa. Kazi hiyo mara nyingi huhitaji uwe na prosesa nyingine ya zamani ya kuiwasha bodi kwanza. Ukiwa Subukia utaiazima kwa nani? Mwambie muuzaji aisasishe mbele yako.

RAM nayo ina ujanja wake. DDR4 na DDR5 zote zina pini 288, ila pengo lililokatwa chini haliko mahali pamoja, kwa hiyo moja haiingii pa nyingine. Bodi za LGA1700 ziko za aina zote mbili, lakini kila moja hutaka aina yake. AM5 hutaka DDR5 pekee.

Nilidhani nimemaliza masomo. Nilinunua bodi ya pili, safari hii ya LGA1700, nikaipeleka mwenyewe. Tuliunganisha kila kitu mezani kwa mama, feni ikazunguka, taa ikawaka. Skrini ikabaki nyeusi tii. Tulihangaika hadi usiku wa manane. Tatizo lilikuwa ile herufi F mwishoni mwa jina la prosesa. Maana yake ni kwamba haitoi picha yenyewe. Ni lazima uwe na kadi ya picha. Ndiyo sababu ilikuwa rahisi! Sisi tulikuwa tumepanga kununua kadi miezi miwili baadaye.

Kadi yenyewe huchaguliwa kwa gemu itakayochezwa. FC 24, iliyotoka Septemba 2023, hutaka angalau RAM ya GB 8 na nafasi ya GB 100 kwenye diski. Kwa kibanda kama chetu, GTX 1650 ilitosha. Kadi hiyo hula wati 75 hivi, na hicho ndicho kiasi ambacho tundu la bodi huweza kutoa. Kadi kubwa zaidi huhitaji waya wa ziada kutoka kwenye pawa saplai, kwa hiyo hesabu waya kabla ya kulipa. Pima pia urefu wa kasha.

Wapo wanaonunua kompyuta kuukuu za ofisini, kama Dell OptiPlex au HP EliteDesk, na kuziongezea kadi. Si vibaya, lakini nyingi zina pawa saplai ya umbo lao pekee na nyembamba hazipokei kadi ya kimo cha kawaida. Tena, Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 Oktoba 14, 2025, na Windows 11 hutaka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu.

Pawa saplai za kale nyingi zina swichi ndogo nyekundu nyuma, ya 115 na 230. Umeme wetu ni wa volti 240. Ukiiacha kwenye 115 na kuchomeka, utasikia mlio kama wa bunduki. Nunua iliyo na jina, ya wati 450 kwa mashine kama yetu, na uiwekee UPS. Tulikumbushwa hilo Agosti 25, 2023, umeme ulipopotea karibu nchi nzima.

Kibanda kilifunguliwa, ingawa kwa kuchelewa. Ile bodi ya mraba ingali juu ya kabati kwa baba. Mgeni akiiulizia, humwambia huo ndio mguu mmoja wa mtamba wake.